Huondoki Hujakabidhi

Kwenye kituo cha kusukuma maji kulikuwa na sheria moja ambayo hata mkaidi wa kutupwa aliifuata: huondoki hujakabidhi. Anayemaliza zamu anamsomea anayeingia kila alichoandika kitabuni, kwa sauti, pampu ipi inafanya kazi, ipi imepumzika, valvu ipi inavuja. Anayeingia anasikiliza mpaka mwisho, anasema "nimepokea", anatia saini. Hapo ndipo unapochukua mkoba wako na kwenda zako, na kitakachoharibika nyuma yako si chako tena.

Ni kwa sheria hiyo Geji na Mrefu walipendana. Wangependana wakati gani mwingine? Mwanamke alitoka saa nane mchana, mwanamume akaingia saa nane mchana. Walikuwa na zile dakika chache tu za kusomeana habari za mota na mafuta, na tuseme ukweli, habari za mota hazihitaji watu kutazamana vile.

Geji lilikuwa jina la kazini. Wenzake walimpa kwa sababu, walisema, huyu hata mvua haiamini mpaka aisome kwenye geji ya kupimia presha. Alikuwa mjane wa mwaka na ushei, anaishi na mama mkwe wake katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya uzio wa kituo. Mrefu yeye hakuhitaji maelezo. Aliinama kila penye mlango.

Siku yenyewe, Geji alisoma kama kawaida, kichwa kimeinamia kitabu.

"Pampu ya kwanza inafanya kazi. Mafuta sawa. Pampu ya pili imepumzika, iko tayari kwa jioni. Presha ya maji yanayotoka ni ya kawaida. Valvu ya bustani inavuja kidogo." Akasita. "Basi. Ni hayo tu."

"Hujamaliza. Kuna mistari mingine, naiona kutoka huku juu."

"Wewe nawe na urefu wako!"

"Soma, Geji."

"Nimekwambia ni hayo tu."

Alijaribu kukifunga kitabu lakini Mrefu alikuwa ameshaweka kiganja juu ya ukurasa. Akasoma mwenyewe, polepole, sauti ikizidi kushuka. "Amekohoa tena jana jioni. Amesimama mlangoni kwenye viatu vyake. Hataki kuingia, hataki kutoka. Mwambieni nimechoka."

Mwandiko ulikuwa wa Geji. Wino ulikuwa wa Geji. Maneno yalikaa pale chini ya valvu ya bustani, yametulia, kana kwamba nayo yangetafutiwa fundi. Na mwenyewe hakukumbuka kuyaandika.

"Nani huyu aliyekohoa?" Mrefu aliuliza.

"Mume wangu."

"Mume wako ame..."

"Najua alipo! Mimi si ndiye niliyemzika?" Macho yakamjaa machozi. Akanyakua kalamu. "Msimamizi akisoma hapa nimekwisha. Atasema nimeingiwa na wazimu, na nani atamwachia mwendawazimu maji ya mji mzima? Nipishe nifute."

Mrefu akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika, na wote wawili walilijua hilo.

"Kitabu cha zamu hakifutwi," alisema kwa upole. "Umenifundisha wewe mwenyewe nilipokuja hapa." Akachukua kalamu, akapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya maneno yale, akaandika pembeni: *Si ya hapa. Nimeona.* Akatia saini yake. "Kuandika hukukosea. Umekosea mahali."

Geji alikuwa anautazama ule mkono wake, pale uliposhikwa.

"Nikuulize," Mrefu akaendelea. "Hicho kichwa chako, nani anakipokea zamu?"

"Kichwa kinapokewa zamu na nani, jamani?"

"Basi kimefanya kazi mwaka mzima bila kupumzishwa. Hata pampu ingeungua."

Akafungua kabati, akatoa bunda la karatasi kuukuu za kuchorea presha, zile ambazo upande mmoja una mistari na mwingine ni mweupe. Akamwambia aandike humo kila kinachomzonga, kabla hajatoka kwenda nyumbani. Asipange, asipambe. Akitaka amsomee, asipotaka asimsomee. Ila amkabidhi.

Geji alidhani ni mzaha wa kumliwaza. Lakini siku iliyofuata alikaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha mota, akaandika. *Shati lake la bluu sijalifua, harufu yake ikitoka nitabaki na nini. Mama hali vizuri. Nilimpa dawa ya mwisho au nilisahau? Jana nimecheka na Mrefu nikageuka kuangalia nani amenisikia. Kwa nini anakohoa mlangoni, anataka nini. Nampenda. Siandiki ni nani.* Akakunja karatasi, akaenda kumpa mwenzake. Mrefu hakuifungua. Alisema tu, "Nimepokea," akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Wiki zikapita hivyo. Mawazo hayakwisha, nani alikudanganya kwamba mawazo huisha? Lakini kichwani yalikuwa umati unaosukumana mlangoni, na karatasini yakawa foleni. Moja nyuma ya jingine. Geji akaanza kulala. Akaanza kukumbuka alipoweka funguo. Mwenzao mmoja akamtania kwamba amenenepa, na kwa mara ya kwanza hakukasirika.

Kikohozi tu ndicho hakikuondoka.

Kila jioni, jua likianza kulegea, kilitoka upande wa ukuta wa jikoni kuelekea mlangoni. Mara mbili kavu, halafu mvuto mmoja mrefu, kama mtu anayetafuta pumzi baada ya kupanda ngazi. Ndivyo hasa marehemu alivyokuwa akiingia kutoka kazini katika miezi yake ya mwisho, kifua kilipokuwa kimeshamla. Geji alipokisikia aliendelea na alichokuwa akifanya, kuosha sufuria au kukunja nguo, huku vinyweleo vimemsimama mpaka shingoni. Hakumwambia mama mkwe wake hata mara moja. Bibi wa watu amezika mwana wa pekee. Umwambie nini tena?

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Mrefu alitakiwa kwenye kituo kipya, safari ya kutwa nzima, na gari la kazini lingemchukua kesho yake alfajiri. Siku hiyo ya mwisho hakuwa na zamu. Alivaa shati lililonyooshwa pasi, akavuka uzio, akaja kubisha hodi.

* * *

Kitu cha kwanza alichokutana nacho kilikuwa viatu.

Vilikuwa vyeusi, vya kiume, vimepangwa ndani ya mlango upande wa kulia, ncha zikitazama nje. Viling'aa. Mama mkwe alivipaka rangi kila wiki kwa mkono wake, na hakuna mtu aliyethubutu kuweka vyake kando yavyo. Hata Geji alivua vyake upande wa pili.

Mrefu alivua vyake, akazungusha macho kutafuta pa kuviweka.

"Viache huko nje," sauti ikatoka sebuleni.

"Sawa, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia. Na uiname, mlango wenyewe haukujengewa watu kama wewe."

Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake karibu na ukuta wa jikoni, mikono imelala mapajani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini aliijaza ile sebule. Geji alisimama kwenye pembe ya meza, hajui mikono aiweke wapi. Macho yake na ya Mrefu yakagongana mara moja, yakaachana haraka kama watoto waliokutwa jikoni.

"Mama, sitazunguka mbuyu," Mrefu alianza. "Kesho naondoka. Nimekuja kuomba ridhaa yako. Nataka kumuoa mkweo. Na sitaki umfikirie kwamba anakuacha. Nyumba niliyopewa kule ina vyumba vitatu, kimoja ni chako."

"Unaniomba mimi? Mimi si mama yake."

"Ndiye mama aliyenaye."

"Mimi ni mama wa mume wake."

"Wa marehemu mume wa..."

"Nimesema marehemu?" Mama mkwe hakupandisha sauti. "Umenisikia nikisema neno hilo?"

Geji akasogea kati yao.

"Mama," alisema, "mgeni ameongea kwa heshima. Tumjibu kwa heshima."

"Namheshimu. Ndiyo maana namwambia ukweli. Kijana, una adabu, una kazi, na mkwe wangu anakupenda, usidhani mimi ni kipofu, siku hizi anaimba akichota maji. Lakini huwezi kuposa mke wa mtu mwenyewe yupo. Mwanangu hajatoka humu ndani."

Ndipo kikaja. Kohoo, kohoo, kavu. Halafu ule mvuto mrefu, uliopita ndani ya ukuta, nyuma ya kiti cha mama mkwe, ukaenda kufia mlangoni kwenye viatu.

Geji aliganda. Alimtazama mama mkwe wake kuona kama ameugundua mshtuko wake, akakuta yule mama naye ameganda, uso umeelekea ukutani, midomo imefunguka kidogo.

"Mama." Geji akanong'ona. "Unamsikia?"

"Wewe pia?"

"Kila jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka makaburini, wiki ileile."

"Mwanangu!" Mama mkwe akashika kifua. "Na mimi hivyohivyo! Nikanyamaza. Nilijua nikikwambia utanipeleka kwa madaktari wa vichwa."

"Na mimi nilidhani nikikwambia nitakuua."

Wanawake wawili, chini ya paa moja, mwaka na ushei, kila mmoja amebeba kikohozi kilekile peke yake. Walitazamana, na pengine siku ile ingekuwa na mwisho mwingine kabisa kama Mrefu angefunga mdomo wake.

Lakini Mrefu alikuwa fundi. Tangu kikohozi kianze alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo akisikiliza beringi za mota. Alisogea mpaka ukutani, akaweka kiganja. Uso wote ukamfunguka kwa furaha.

"Hewa," alisema.

"Nini?"

"Ni hewa, Geji! Bomba lenu linapanda juu hapa, hewa imenasa kwenye kona. Pampu ya pili ikiwashwa tu, maji yanaisukuma, inakohoa. Sikiliza, si imewashwa sasa hivi? Huu ndio wakati wake. Kila siku naiwasha mimi mwenyewe saa hizi."

Geji akavuta kiti, akakaa. Pampu ya pili. Wakati wote wa ugonjwa wa mume wake ilikuwa mbovu, imelala. Mota mpya ilifungwa wiki ya mazishi, na aliyeandika habari hiyo kitabuni siku aliporudi kazini alikuwa yeye. Mwanamke anayeweza kukwambia valvu inavuja kwa kusikia tu mluzi wake, akaishi na hewa ndani ya ukuta wake akaiita mume. Mganga hajigangi, walisema wa kale, na hawakukosea.

"Kumbe ni wewe," alimwambia Mrefu. Kicheko kilimtoka, na kilikuwa na machozi ndani yake. "Kumbe ni wewe uliyekuwa ukimkohoza mume wangu kila jioni."

"Mungu wangu. Nisamehe. Lakini si kitu, ni nati moja tu pale juu ya sinki, unailegeza, hewa inatoka. Nipe spana, sasa hivi tu nita..."

"Usiguse ukuta wangu!"

Mama mkwe alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka.

"Mama, ni bomba tu..."

"Nimesikia! Bomba, nati, hewa. Umekuja na shati lako la pasi kuchukua mke wake, sasa unataka na pumzi yake? Toka. Toka nyumbani kwa mwanangu!"

Mrefu alirudi nyuma, akamtazama Geji. Jamani, yale macho! Yalikuwa yanaomba neno moja tu. Naye Geji ndani ya kichwa chake umati wote ulikuwa umerudi, unasukumana, unapiga kelele, gari ni alfajiri, mama anatetemeka, hakuwa yeye, hakuwa yeye kamwe, nimeongea na bomba mwaka mzima, nampenda, nimkimbilie nani kwanza.

"Toka kwanza, Mrefu," alisema. "Tafadhali."

Mwanamume alishusha pumzi. "Natoka ndani. Hapo kizingitini siondoki. Sheria unaijua. Jibu lolote nitalipokea, Geji, hata la hapana. Lakini unikabidhi."

Akainama, akatoka. Wakamsikia akikaa kwenye ngazi ya nje, karibu na viatu vyake.

* * *

Geji alifungua droo ya meza. Alitoa karatasi ya presha, akaigeuza upande mweupe, akaanza kuandika. Mistari ilipanda na kushuka, hakujali.

Mama mkwe alikuwa amerudi kitini. "Sasa unaandika nini? Nyumba inaungua wewe unaandika."

"Naandika kilichomo kichwani. Kikibaki humo, ndipo nitakapoungua mimi."

"Inasaidia?"

"Inanipunguzia kelele."

Nje, Mrefu alikohoa, kikohozi cha kawaida cha mtu hai aliyekaa kwenye vumbi, na wote wawili wakashtuka.

"Na mimi ninacho changu," mama mkwe alisema mwishowe. "Ila macho yangu unayajua, na kalamu sijashika siku nyingi."

"Sema, Mama. Nitakuandikia."

"Usinitazame."

"Sikutazami. Natazama karatasi."

Ilichukua muda kuanza. Yalipoanza, yalitoka moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Andika. Usiku wa mwisho zamu ya kumwangalia ilikuwa yangu. Wewe nilikwambia ukalale, ulikuwa na kazi asubuhi. Andika hivyo. Akakohoa. Akakohoa. Mimi nilikuwa sijalala siku nyingi, na mwili huu ni wa mzee. Nikamwambia, mwanangu, hebu nyamaza kidogo mama apumzike."

Kalamu ya Geji ilisimama.

"Andika!"

Kalamu ikaendelea.

"Akanyamaza. Alikuwa mtoto msikivu tangu mdogo, ukimwambia jambo harudishi neno. Akanyamaza, na mimi nikalala, nikalala vizuri, Mungu anisamehe, sijalala vile tena. Nilipoamka alikuwa bado ananyamaza." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilipomsikia ukutani, mwenzangu, sikuogopa. Nilifurahi. Nikasema, kumbe hakunisikiliza, kumbe anakohoa tu mwanangu. Nikawa nakaa kiti hiki kila jioni nimsikilize. Na leo huyo mtu wako anataka anyamaze tena, na anaomba ruhusa kwangu. Kwangu mimi! Nimnyamazishe mara ya pili? Umeandika?"

"Nimeandika."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Geji alitamani kuiacha kalamu amkumbatie. Lakini kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kilichoandikwa hakijakabidhiwa mpaka kisomwe. Kwa hiyo alinyoosha karatasi, akasoma kwa sauti, tangu neno la kwanza, hakuruka hata lile la kulala vizuri. Sauti ilimkatika mahali pamoja, akaanza upya sentensi ile, akafika mwisho.

Mama mkwe alisikiliza maneno yake yakitoka kwenye kinywa cha mwingine.

"Ndivyo nilivyosema?"

"Neno kwa neno."

"Mbona machache hivyo?" Aliitazama karatasi kwa mshangao wa kweli. "Hata ukurasa hayakujaza. Humu ndani yalikuwa yamejaa nyumba nzima."

"Nimepokea, Mama," Geji alisema. Akachuchumaa mbele ya kile kiti, akaweka mikono yake juu ya ile mikono midogo. "Sasa nisikilize na mimi. Daktari alituambia mapafu yamechoka, yeye mwenyewe alijua, aliniambia. Na usiku ule hakunyamaza kwa sababu ulimkaripia. Ulimbembeleza alale, kama ulivyombembeleza utotoni. Ningekuwa mimi ningemwambia vilevile. Mara ngapi nilikuwa chumba cha pili nimeziba masikio?"

"Wewe?"

"Mimi. Liko kwenye karatasi zangu."

Walilia basi. Hawakulia kwa haya, walilia kwa sauti, na yule aliyekaa ngazini akasimama, akakaa, akasimama tena, asijue la kufanya. Mwenye mapenzi naye ana tabu zake.

Mama mkwe ndiye aliyetulia kwanza. Alijifuta, akajirekebisha kilemba. "Hiyo hewa, ukiifungulia, inakwenda wapi?"

"Nje. Inachanganyika na hewa nyingine."

"Na mashine yenu inawashwa tena saa ngapi?"

"Haikawii. Watu wakirudi makwao wakifungua mabomba, tangi linashuka, inawashwa mara ya pili kabla jua halijazama."

"Basi nataka nimsikie mara moja ya mwisho. Halafu fungua. Si yule. Wewe. Wewe ndiye uliyekuwa mkewe."

Hiyo "uliyekuwa" ilimpita Geji mwili mzima. Alikwenda kuchukua spana chini ya sinki, akapanda juu ya kibao, akaishika nati ile ambayo amekuwa akiipangusa vumbi kila wiki bila kuiona. Mama mkwe akasogea, akaegemeza kiganja chake ukutani.

Walingoja. Jua lilipita kwenye dirisha, likaingia kwenye sakafu, likafika viatuni.

Kohoo. Kohoo.

"Pumzika sasa, baba," mama mkwe aliuambia ukuta. "Umenisikia? Nimesema pumzika. Sikusema nyamaza."

Geji akazungusha spana.

Hewa ilitoka kwa mluzi mdogo kwanza, kisha ikatoka yote, pumzi moja laini, ndefu, ikampita shavuni na kuinua nywele zake sikioni. Ikaendelea kutoka. Ikaendelea mpaka mama mkwe akafumba macho. Halafu maji yakatema mara mbili tatu, yakatulia, yakatiririka safi mkononi mwake, naye akaikaza nati. Bomba la urefu ule halibebi hewa nyingi kiasi kile. Geji alijua hesabu zake, na jambo hilo peke yake ndilo ambalo hakuliandika popote.

Walisikiliza. Kule kituoni pampu ya pili ilikuwa inanguruma kama kawaida. Ukuta haukusema kitu.

Mama mkwe alitembea mpaka mlangoni. Aliinama kwa shida, akaviokota vile viatu vyeusi, akavipangusa kwa pindo la nguo ijapokuwa havikuwa na vumbi, akavipeleka chumbani kwake. Geji alimsikia akifungua sanduku, akalifunga. Yeye akarudi mezani, akaandika mistari michache chini ya ile ya mwanzo, akafungua mlango.

Mrefu alisimama haraka mpaka akagonga kichwa kwenye ukingo wa juu.

"Pole," Geji alisema.

"Si kitu. Nimezoea."

"Nakukabidhi."

"Soma."

Akasoma, macho karatasini, kama alivyosoma kila siku saa nane mchana. "Pampu ya pili imewashwa. Hewa imetolewa jikoni. Hakuna kikohozi. Mama amelia, mimi nimelia, tumetulia. Shati la bluu nitalifua kesho." Hapo akainua macho. "Ombi la mgeni lipo mikononi mwa Mama. Kwa upande wangu, nimekubali. Nilikubali zamani, ila kulikuwa na mtu mlangoni."

Mrefu alipapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu, akakuta karatasi zote za Geji za wiki zile, zimekunjwa, hata moja haijafunguliwa. Kalamu haikuwepo.

"Nimepokea," alisema.

Nyuma yao mama mkwe alikuwa ametoka chumbani, mikono mitupu.

"Wewe mlingoti," alisema, "chumba changu huko kina dirisha?"

"Kinayo mawili, Mama."

"Basi ingia, usinisimamie mlangoni kama mdai kodi. Na viatu usiviache nje, vitaloa umande."

Mrefu aliokota viatu vyake. Vilikuwa vikubwa, vimechakaa visigino, vina matope ya kituoni. Alisimama navyo mkononi, akiangalia kulia, akiangalia kushoto, akiogopa kukosea.

"Niviweke wapi?"

Upande wa kulia wa mlango, sakafu ilikuwa na alama mbili zilizopauka, za ukubwa wa nyayo. Mama mkwe alizitazama kwa kitambo. Kisha akaonyesha kwa kidole.

"Hapo."